NANI ATASHIKA UFUNGUO WA HESABU ZETU?

Ndugu wanachama wa tawi la Machakos, na ninyi wenzetu wa njia, wa stesheni na wa karakana,

Mmesikia kwamba halmashauri ya tawi imekubali kununua programu ya hesabu, na kwamba mashine tatu zilizomo ofisini zitaunganishwa kwa waya, ili karani, mweka hazina na katibu wafanye kazi katika vitabu vile vile kwa wakati mmoja. Kwa jambo hilo hatuna ugomvi. Twalitaka tangu zamani. Leja yetu ya karatasi imechakaa, kurasa zimeshikwa kwa gundi, na mwanachama akija kuuliza akiba yake hungoja nusu ya asubuhi huku karani akijumlisha kwa kidole.

Ugomvi wetu ni juu ya mistari miwili tu katika karatasi ya mapatano iliyobandikwa ukutani. Mstari wa kwanza wasema kwamba programu itakuwa na neno la siri moja, ati "ili kurahisisha kazi." Mstari wa pili wasema kwamba upungufu wowote utakaoonyeshwa na programu utalipwa na karani kutoka katika mshahara wake. Ndugu, isomeni mistari hiyo pamoja. Watu watatu wataingia vitabuni kwa jina moja, na mmoja wao atalipa.

Hatumshitaki mtu. Walioandika mapatano hayo ni wenzetu, twakula nao, na huenda waliyanakili kutoka kwa fundi anayetuuzia programu. Lakini mapatano mabaya yakiandikwa na mtu mwema hubaki mabaya, na mtu mwema huyo akiondoka kitini atakaa mwingine, naye atayakuta hapo hapo ukutani.

Fikirini kama bwana mkubwa wa reli angebandika karatasi ya namna hii juu ya karani wa tiketi. Tungeandika barua siku ile ile. Tungemwambia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa sababu tu fedha zimepungua. Yapasa upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanya kazi mwenyewe, na mkataba wake uwe umesema wazi kwamba amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Sheria haisemi "upungufu wowote." Haisemi pia "upungufu ulioonyeshwa na kompyuta." Basi chama kinachowafundisha mabwana wakubwa kifungu hicho, kinakivunjaje katika ofisi yake chenyewe, kwa karani wake chenyewe, ambaye naye ni mfanya kazi?

ATI MASHINE HAISEMI UONGO

Mmoja wa viongozi alitujibu hivi: "Mashine haisemi uongo. Ikionyesha upungufu, upungufu upo." Maneno hayo yamekwisha kusemwa mahali pengine, na twajua yalikoishia.

Katika nchi ya Uingereza, kuanzia mwaka 1999, Posta iliweka programu ya hesabu iitwayo Horizon katika maelfu ya posta ndogo, mijini na vijijini. Programu ilitoka kwa kampuni ya Fujitsu. Posta nyingi za namna hiyo huendeshwa na watu wenye maduka, mtu na mkewe, watu wa kuuza mkate na stempu. Programu ilikuwa na kasoro, ikaonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Na mapatano ya wale wenye posta yaliwadai walipe upungufu wao wenyewe. Je, ndugu, hamjayasoma maneno hayo mahali karibu na hapa?

Wakalipa. Wengine walitoa akiba ya uzee, wengine walikopa kwa jamaa. Walipopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye shida hiyo. Wale walioshindwa kulipa walipelekwa mahakamani. Kutoka mwaka 1999 mpaka 2015 watu zaidi ya 900 walihukumiwa kwa wizi, kwa udanganyifu na kwa kuandika hesabu za uongo. Wengine walifungwa gerezani, na wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Sheria ya huko ilichukua kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mtu aonyeshe kwamba sivyo, na mwenye duka la kijijini angeonyeshaje, naye haruhusiwi kutazama ndani ya programu?

Alikuwako mtu mmoja huko Wales, jina lake Alan Bates, aliyeondolewa katika posta yake mwaka 2003. Hakunyamaza. Alitafuta wenziwe mmoja mmoja mpaka wakawa 555, wakaingia Mahakama Kuu pamoja. Desemba mwaka 2019 jaji aliamua kwamba programu ilikuwa na kasoro kweli, na tena kwamba watu wa Fujitsu waliweza kuingia kutoka mbali wakabadilisha hesabu za posta bila mwenye posta kujua. Mwezi wa Mei mwaka 2024 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kufuta hukumu zile kwa mamia. Miaka 25, ndugu, tangu mashine ya kwanza mpaka sheria hiyo.

Na hapa pana neno la kutuuma sisi watu wa chama. Wale wenye posta walikuwa na chama chao. Jaji yule yule alisema mwaka 2019 kwamba chama hicho hakikuwa huru mbele ya Posta. Wanachama walipolia, chama kilikuwa upande wa mashine. Twaomba kila kiongozi wa tawi hili ailale usiku mmoja habari hiyo kabla hajatia sahihi yake.

Msiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Serikali yetu ina programu yake ya hesabu, ile IFMIS. Mwaka 2015, katika mambo ya NYS, zilitajwa shilingi milioni 791 zilizopotea, na ofisa mmoja mkubwa alisema kwamba neno lake la siri lilitumiwa na wengine kupitisha malipo asiyoyajua. Nani mkweli na nani mwongo, hiyo ni kazi ya mahakama. Sisi twaona jambo moja tu: neno la siri likijulikana na wawili, aliye na hatia husema "si mimi," na asiye na hatia husema "si mimi," na wote wawili huonekana sawa.

Kisha ikaja habari ya KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo ulioanzishwa mwaka 1973. Uchunguzi wa PwC ulitaja shilingi bilioni 13.3, ukasema pia kwamba hesabu zilitiwa sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufa. Fedha zile zilitoka katika vyama vya walimu, vya wauguzi, vya watu wa mishahara kama sisi. Wenye fedha walikuwa wakiletewa karatasi nzuri yenye muhuri kila mwaka, wakaipigia makofi.

Tuwape na jambo dogo la karibu zaidi. Iko ofisi moja ya akiba, hatutaitaja, ambamo baadhi yetu tunaweka fedha. Fundi alikuja akaweka programu, akaandika neno la siri kwenye kipande cha karatasi, akakibandika chini ya kioo cha mashine. Mwisho wa mwezi wa tatu programu ikaonyesha kwamba fedha taslimu zimepungua kwa shilingi 38,400. Karani, mama mwenye watoto wanne, akaanza kukatwa. Alikatwa miezi mitano. Baadaye mwalimu mmoja mstaafu aliomba karatasi ya M-Pesa ya ofisi, akakaa nayo siku mbili na rula, akilinganisha mstari kwa mstari. Akakuta kwamba michango kadhaa iliyoingia kwa M-Pesa iliandikwa mara mbili: mara moja asubuhi, na mara ya pili jioni. Vitabu vilidai fedha ambazo hazikuletwa na mtu yeyote. Nani aliandika jioni? Haijulikani mpaka leo, kwa maana wote waliingia kwa jina moja. Mama yule alirudishiwa fedha zake. Hakuombwa radhi.

SISI WATU WA RELI TWALIJUA JAMBO HILI

Wengine husema kwamba mambo ya kompyuta ni ya wasomi, na sisi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tukae kimya tuwaachie vijana wa chuo. Tusikubali. Mji huu wa Machakos ulikuwa makao ya utawala kabla ya Nairobi. Reli ikapita mbali nao, na mwaka 1899 makao yakahamia Nairobi, wala hakuna aliyewauliza watu wa hapa. Leo Konza, pale njia ya Magadi inapoachana na njia kuu, Serikali inajenga mji wa kompyuta uliozinduliwa mwaka 2013. Waya wa mambo haya unapita mbele ya stesheni zetu. Tukisema hatuelewi, tutapitwa tena, na safari hii kwa hiari yetu.

Wala si kigumu kuelewa. Hesabu zenyewe ni za kale. Kila shilingi huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande mbili zikijumlishwa lazima zilingane. Aliyelichapa kwanza jambo hilo kitabuni, mwaka 1494 huko Venice, alikuwa mtawa wa Mtakatifu Fransisko, Luca Pacioli; basi sisi wa misheni tusione haya kulishika. Programu hufanya hesabu hiyo hiyo, ila kwa upesi.

Na mtandao wa ofisi ni kama njia moja ya reli. Dereva haingii katika kipande cha njia kwa sababu ana haraka, au kwa sababu anajuana na stesheni masta. Huingia kwa kibali, na kibali hicho hakitoki mpaka watu wa stesheni mbili wakubaliane, huku na kule, na kila treni huandikwa saa yake katika kitabu. Pakitokea ajali, kitabu hufunguliwa. Kitabu husema treni gani, saa ngapi, kwa idhini ya nani. Mnadhani wazee waliweka taratibu hizo kwa kuwa hawakuwaamini madereva? Waliziweka ili dereva asiye na kosa aweze kuonyesha kwamba hana kosa. Hayo hayo ndiyo tunayomtakia karani wetu.

Mtandao wenyewe wafanya kazi hivi. Mashine moja huwa mashine kuu, na faili la vitabu hukaa humo peke yake. Mashine nyingine mbili hulisoma faili hilo kwa kupitia waya. Hakuna vitabu vitatu, kuna kimoja chenye milango mitatu. Kwa hiyo mashine kuu isiwe ile ya katibu anayoibeba nyumbani Ijumaa, wala ile ambayo vijana huchezea filamu wakati wa chakula. Ikae mahali pake, pamefungwa. Ipewe na betri ya akiba, maana twajua stima ya Machakos. Stima ikikatika katikati ya kuandika, faili laweza kuharibika. Na kwa sababu iyo hiyo twataka waya, si mawimbi ya hewani. Fundi atasema waya ni kazi nyingi. Ofisi yetu ni vyumba viwili.

Kila atakayeingia aingie kwa jina lake na neno lake la siri. Karani aandike risiti na vocha, lakini asiweze kufuta. Mweka hazina apitishe malipo, lakini asiweze kuandika risiti. Katibu asome. Mdhamini mmoja naye apewe jina la kusoma tu, ili siku yoyote aweze kufungua na kutazama bila kumwomba mtu. Wanaosema majina mengi yataongeza bei wanachanganya mambo mawili. Kwa programu kama Tally, bei hufuata kama vitabu vinafunguliwa na mashine moja tu au na mashine nyingi. Kuandikisha majina ndani ya programu ni kazi ya dakika kumi. Katika Tally ulinzi huo usipowashwa, mtu huingia bila kuulizwa jina wala neno, kama nyumba isiyo na mlango. Mwulizeni fundi atauwasha lini, na mkasimame nyuma yake akiuwasha.

Halafu kuna ile orodha ya mabadiliko. Programu nzuri huandika yenyewe, pembeni, nani alibadili nini, siku gani, saa gani, na kiasi gani kilikuwapo kwanza. Nchi ya India iliona umuhimu wa jambo hilo hata ikaamuru kwamba tangu tarehe 1 Aprili 2023 kila kampuni inayoweka vitabu kwa kompyuta itumie programu yenye orodha hiyo, na isiyoweza kuzimwa. Hapa kwetu tusingoje kuamriwa. Lakini fahamuni: orodha hiyo yaandika jina la aliyeingia. Wakiingia wote kwa jina moja, itaandika jina moja kuanzia Januari mpaka Desemba, na haitamfaa mtu. Ndiyo maana twasema kwamba mstari ule wa kwanza, wa neno la siri moja, unaharibu kila kitu kinachofuata. Wakamba wana mwethya, na kila mtu aliyechimba matuta katika mwethya anajua kwamba kazi huenda kwa sababu kila mmoja ana kipande chake na huonekana na jembe lake mkononi.

Jina moja hupita yote, nalo ni la msimamizi. Huyo aweza kufuta watumiaji, kubadili haki zao na kufungua miezi iliyofungwa. Neno la siri la msimamizi asilichukue fundi aende nalo. Wala asilishike mwenyekiti mfukoni. Liandikwe mbele ya watu watatu, litiwe katika bahasha, bahasha itiwe sahihi juu ya gundi, iwekwe katika kasha la chuma lenye kufuli mbili. Ikihitajika kufunguliwa, iandikwe kwa nini, na neno libadilishwe siku hiyo hiyo. Na fundi akitaka kuingia kutoka Nairobi kwa njia ya simu kurekebisha jambo, aombe kwanza, karani awe amekaa hapo akitazama, na saa iandikwe. Wale wenye posta wa Uingereza hawakujua kwamba mlango wa nyuma uko wazi. Sisi twajua.

SIKU YA KUHAMISHA VITABU

Sasa tuje kwenye jambo ambalo katika karatasi ile ya ukutani halikutajwa hata kwa neno moja, nalo latutia hofu kuliko yote. Siku programu itakapoanza, vitabu vyake vitakuwa vitupu. Mtu ataketi aandike humo kiasi cha kuanzia: benki kuna kiasi gani, kashani kiasi gani, mwanachama huyu ana akiba gani, yule ana deni gani. Fedha za miaka yote ya nyuma zitaingia kwa vidole vya mtu mmoja katika siku moja au mbili. Akikosea, kosa hilo litakuwa msingi wa nyumba. Akitaka kuficha shimo la zamani, hakuna siku nzuri zaidi ya kulifukia, kwa maana kesho yake programu italingana pande zote mbili na kila mtu atasema, tazameni, hesabu safi!

Hatusemi shimo liko. Twasema kwamba hakuna leo anayeweza kutuambia halipo.

Basi kiasi cha kuanzia kiandikwe kwanza kwenye karatasi, kutoka katika leja ya zamani. Kilinganishwe na karatasi ya benki ya siku hiyo, na ya M-Pesa, na fedha za kashani zihesabiwe mbele ya wadhamini. Kila mwanachama apewe kipande chenye akiba yake na deni lake, atie sahihi kwamba ni sawa, au aseme si sawa. Wako wenzetu walioko njiani, Ulu, Kapiti, Athi River, wasioweza kufika ofisini katikati ya juma. Vipande vyao vipelekwe. Hapo ndipo mtu aketi mbele ya mashine, na mwenziwe amsomee. Leja ya karatasi isitupwe. Iendelee sambamba na programu kwa miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi urari wa kila upande utazamwe. Ikiwa hazilingani, tutafute, wala tusikimbilie mshahara wa mtu.

Mmoja alituambia kwamba miezi mitatu ya kuandika mara mbili ni mateso kwa karani. Ni kweli. Basi alipwe saa za ziada, kama tunavyodai tulipwe sisi.

Nakala ya akiba, tuliseme upesi. Kila jioni faili linakiliwe kwenye diski ya nje, na diski ziwe mbili, moja ikilala nje ya ofisi. Kila mwezi nakala moja ifunguliwe ionekane kama inafunguka. Kuna ofisi zinazonakili kila siku kwa miaka, na siku ya moto zikakuta zilikuwa zinanakili kitu kitupu. Tena diski hizo zisizurure, maana zina majina yetu, namba za vitambulisho na madeni yetu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yakihusu chama kama inavyozihusu kampuni.

Twajua tutaambiwa kwamba haya yote ni kutowaamini viongozi. Neno hilo limetumika kuzima maswali katika vyama vingi. Tulijibu hivi: Sheria ya Uhusiano wa Kazi ya mwaka 2007 inakitaka chama kiweke vitabu, hesabu zikaguliwe, na taarifa ipelekwe kwa Msajili kila mwaka. Sheria hiyo nayo haiwaamini viongozi? Mweka hazina mwaminifu ndiye wa kwanza kufaidika, kwa kuwa siku atakaposhutumiwa barabarani au katika kikundi cha WhatsApp, atafungua orodha ya mabadiliko na kuwaonyesha. Kiongozi anayetaka tumwamini kwa neno lake tu anatuomba kitu ambacho yeye mwenyewe hampi karani.

Lakini wako na wenzetu wa upande wa pili, nao hatukubaliani nao. Wao husema: tuache kabisa kompyuta, turudi kwa kalamu, karatasi haidanganyi. Ndugu hao wamesahau ile leja iliyopotea kurasa. Karatasi hudanganya polepole, basi. Mwizi wa karatasi hahitaji neno la siri, ahitaji kiwembe. Tena mwanachama wa Kapiti akitaka kujua akiba yake leo hulazimika kupoteza siku ya kazi na nauli. Programu iliyowekwa vizuri ingemchapia karani karatasi ya kila mwanachama kwa dakika moja, na kila mwezi tungebandika ukutani urari badala ya mapatano ya kumkata mtu mshahara.

TUNAYOTAKA

Katika mkutano wa tawi tutasimama tudai kwamba mistari ile miwili ifutwe kabla fundi hajalipwa hata senti. Mahali pa mstari wa kwanza paandikwe kwamba kila mtumiaji ataingia kwa jina lake, na kazi ya kuandika itengwe na kazi ya kupitisha. Mahali pa mstari wa pili paandikwe kwamba upungufu ukionekana, utachunguzwa na watu watatu, mmoja wao akichaguliwa na karani mwenyewe, wakiwa na karatasi ya benki, karatasi ya M-Pesa na orodha ya mabadiliko mbele yao. Na kwamba hakuna mshahara utakaoguswa kabla uzembe au udanganyifu haujaonyeshwa. Siku ya kuhamisha vitabu itangazwe majuma mawili mbele. Fundi atie sahihi kwamba hataingia bila kuombwa ruhusa na kuandikwa.

Azimio limekwisha pigwa chapa na nakala ziko kwa mjumbe wa kila genge na kila stesheni. Atakayeunga mkono aandike jina lake na namba yake ya uanachama chini, alirudishe kabla ya siku ya mkutano. Na kila mmoja aje na kitabu chake cha akiba na risiti zake zote, hata zile zilizokunjwa mfukoni mwa koti la kazi, kwa maana orodha ya kiasi cha kuanzia tutaanza kuilinganisha siku hiyo hiyo, mlangoni, kabla ya sala ya kufungua mkutano.